Kimwezi Juu ya Ngao ya Aldersyke

Baba alifariki Januari, maji ya ziwa la Aldersyke yakiwa yameanza kuganda kandokando. Alikufia kitini, buti zake miguuni na mbwa amelala juu ya buti hizo, na mbwa huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Alikuwa Lodi Aldersyke wa tisa. Paa la nyumba lilikuwa linavuja na mashamba karibu yote yalikuwa yameshauzwa, lakini cheo kilibaki kizima kama kilivyotolewa na mfalme zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

Kwetu lodi akifa huchorwa kibao cha msiba. Ni ubao mkubwa wa pembe nne, unaosimamishwa juu ya ncha yake moja na kuchorwa nembo ya ukoo. Hutundikwa juu ya mlango wa nyumba hadi siku ya mazishi, kisha huhamishiwa kanisani na kubaki huko. Koo nyingi ziliiacha desturi hiyo zamani. Sisi hatukuiacha, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuthubutu kumwambia Shangazi Ursula kwamba imepitwa na wakati.

"Utachora wewe, Damaris," aliniambia asubuhi ile ile, hata kabla ya macho yake kukauka. "Umesomea kuchora. Ndugu yangu hatachorwa na mtu wa duka la mabango."

Nembo yetu sisi akina Satterby si ngumu. Ni ngao nyeusi, korongo mweupe amesimama kwa mguu mmoja, na chini yake utepe wenye neno moja la Kilatini, maana yake "Nimevuka." Nilijifungia katika chumba cha zamani cha maziwa, ambako mwanga ni mzuri na baridi inakausha rangi polepole. Nikamaliza korongo, nikamaliza utepe, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika.

Kesho yake, juu ya kichwa cha korongo, palikuwa na kimwezi.

Kilikuwa kidogo, hilali nyembamba yenye ncha zilizoelekea juu, nyeupe ya kufifia. Nilidhani brashi ilinidondokea. Nikakikwangua kwa kisu, nikapaka nyeusi. Nilipotoka kunywa chai na kurudi, kilikuwa pale pale. Safari hii nilikigusa kwa kidole. Haikuwa rangi. Yalikuwa maji, baridi kama kisu, na nilipokipeleka kidole puani nilisikia harufu ya tope la ziwani.

Kwa mtu aliyekulia katika nyumba kama yetu, kimwezi si pambo. Ni alama ya mtoto wa pili. Ndugu wawili hawaruhusiwi kubeba ngao moja sawasawa, kwa hiyo mdogo huongezewa kimwezi ili watu wajue kwamba yuko mwingine mbele yake. Baba alikuwa mtoto wa pili kweli. Kaka yake Lucian alikufa katika vita vya kwanza vya dunia. Lakini mdogo akishapata cheo, kimwezi huondolewa. Lodi hana mtu mbele yake.

Kaka yangu Crispin aliwasili mchana wa siku hiyo. Alikuwa mwalimu wa jiografia huko Leeds, ana mke aitwaye Nora na mabinti wawili wadogo, na tangu alipoondoka nyumbani alikuja kwetu kama mtu anavyokwenda kwa daktari wa meno.

"Umenenepa," nilimwambia mlangoni, nikiwa nimemkumbatia na koti lake lote.

"Nora anapika. Na wewe umekonda. Siku hizi unakula rangi?"

Tukacheka, kisha tukalia kidogo, kisha akajipangusa pua na kutazama chini.

"Nani ameingia na maji hivi?"

Kulikuwa na nyayo. Zilianzia mlangoni, zikapita ukumbini juu ya mawe, zikaingia chumba cha kulia na kuishia kwenye kiti cha Baba, kile cha mwisho wa meza. Mto wa kiti ulikuwa umelowa chapachapa, na juu yake palikuwa na uzi mmoja wa majani ya ziwani. Hakuna nyayo zilizorudi.

"Bomba limepasuka," nilisema.

"Bomba lenye vidole?"

Ndipo nilipoona. Mtu aliyepita hapo alikuwa peku, na nje barafu ilikuwa imeshika hata vichaka.

Crispin alichukua kitambaa, akapiga magoti, akapangusa sakafu yote kama mtumishi. Alipofika kwenye kiti alisita.

"Nilipokuwa nashuka kutoka kwenye basi," alisema bila kunitazama, "niliona mtu amesimama majini, ng'ambo ya ziwa. Maji yamemfika kiunoni. Nikadhani ni mvuvi. Amenipa mgongo."

"Nani anavua samaki Januari?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Siku iliyofuata tulikwenda kanisani kumwona Wilf Tyson, aliyekuwa akichimba makaburi na kutunza jengo, ili achague mahali pa kutundika kibao cha Baba. Wilf alikuwa mzee mfupi mwenye mabega kama ng'ombe na ulimi usiojua kupumzika. Alivua kofia alipotuona.

"Pole sana, Lodi," alimwambia Crispin.

Nyuma yetu, pale kwenye viti vya ukoo wetu, mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, cha mtu anayetoa maji kifuani. Tuligeuka wote watatu. Viti vilikuwa vitupu.

"Usiniite hivyo, Wilf," Crispin alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Niite Crispin, kama zamani uliponifukuza kwenye mti wako wa matufaha."

"Siwezi, Lodi. Niliyemfukuza mtini alikuwa Crispin. Cheo ni—" Kikohozi kilimkatiza.

Nilinyanyua macho ukutani ili nisitazame viti. Vibao vya malodi wanane vilikuwa vimepangwa pale juu, vyeusi, kila kimoja na korongo wake. Nilikuwa nimevitazama kila Jumapili ya utoto wangu bila kuviona. Juu ya kila korongo palikuwa na kimwezi.

"Wilf, vile ni nini?"

"Unyevu." Alijibu upesi mno. "Babu yangu alivipaka nyeusi, baba yangu akavipaka, mimi nimevipaka mpaka nimechoka. Vinarudi."

"Na wewe unaamini ni unyevu?"

"Bi Damaris, mtu anayelala peke yake hatua chache kutoka makaburini anaamini unyevu. Asipoamini atalalaje?"

Crispin alikuwa ameshaanza kutembea kando ya ukuta, akisoma mawe madogo yaliyo chini ya vibao, yale ya watoto wa ukoo ambao hawakuwahi kuwa malodi. Alisoma kwa sauti, mwanzoni kwa mzaha, kama anavyowasomea wanafunzi wake. Huyu alizama na meli yake. Huyu alianguka kwenye kijito wakati wa mavuno. Huyu alikutwa kwenye birika la kunyweshea farasi. Yule wa chini kabisa alikuwa Ami Lucian, aliyezama katika shimo la bomu lililojaa tope, huko vitani Flandazi. Wote walikuwa watoto wa kwanza, na wote walikufa kwa maji kabla ya baba zao.

"Kwa hiyo hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kukipata cheo," alisema Crispin. "Mimi ndiye wa kwanza kufika." Alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

"Isipokuwa lodi wa kwanza kabisa," nilisema. "Anketil. Yeye ndiye alikuwa mkubwa. Mdogo wake Godfrey ndiye aliyezama."

"Basi kwa nini na yeye ana kimwezi?"

Wilf alikuwa amesimama na kofia mkononi, ameinamisha kichwa, na aliendelea kusimama hivyo mpaka tulipotoka.

Tulimzika Baba siku ya Alhamisi. Ziwa lilikuwa limeganda lote, na ukungu ulikuwa umelala juu yake. Baada ya mazishi watu walikuja nyumbani, na Shangazi Ursula alikuwa ameandaa kama zamani: nyama ya nguruwe ya baridi, mikate, keki nzito ya matunda, chai kwa wanawake na wiski kwa yeyote. Kijiji kizima kilijaa ukumbini, na kila aliyeingia alimpa Crispin mkono na kumwita Lodi. Pole, Lodi. Baba yako alikuwa mtu wa watu, Lodi. Utarudi kuishi kwetu, Lodi?

Mimi nilikuwa nagawa chai, na nilimwona. Kila alipoitwa, alizidi kulowa. Kwanza ilikuwa ukosi wa shati. Kisha mikono ya koti ikaanza kudondosha matone juu ya viatu vyake. Nywele zilimganda kwenye paji la uso. Watu waliona, nani asingeona? Mwanamke mmoja alimshika mkono, akauachia haraka na kujipangusa kwenye sketi, huku akiendelea kutabasamu. Wengine walimtazama kwa pembe ya jicho, kwa huruma, na hapo nikatambua kwamba kijiji kilijua wakubwa wa kwetu huishia wapi. Wilf hakuwa peke yake. Wote walikuwa wamekuja kumuaga.

Shangazi Ursula alikuwa ameketi karibu na moto na fimbo yake magotini. Kasisi Fleming, kijana mgeni aliyependa kila mtu afurahi, aliinama kwake akasema kwa sauti ya kuchangamsha:

"Haya, Bi Ursula, na wewe mwite mwana wa ndugu yako kwa cheo chake. Wewe tu ndiye hujamwita."

"Sitamwita."

Aliigonga sakafu kwa fimbo.

"Mwanangu huyu ana jina," alisema shangazi. "Crispin ndilo jina lake. Atakayemwita vinginevyo ndani ya nyumba hii nitamtoa kwa fimbo, hata kama ni kasisi."

Nilimshika shangazi mkono, nikampeleka kwenye chumba cha maziwa, nikafunga mlango. Rangi zangu zilikuwa bado mezani, na kando yake matambara niliyokuwa nikifutia kimwezi. Hayakuwa yamekauka tangu siku ya kwanza.

"Shangazi, unajua kitu. Sema."

Alikaa juu ya kigoda. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

"Chanzo chake tunakijua sisi wanawake wa ukoo tu," alisema. "Tumepeana mdomo kwa mdomo, shangazi kwa binti. Sisi hatuna cha kurithi, kwa hiyo hatuna cha kupoteza tukijua. Ilitakiwa nikwambie ulipofikisha umri. Sikuweza."

Akanieleza. Mfalme alipokuwa akipigana na bunge lake, kijana wa ukoo wetu aliwaficha askari wa mfalme milimani msimu mzima wa theluji, akawalisha na kuwavusha salama. Mfalme akaahidi kumpa cheo. Kijana huyo alikuwa Anketil, mkubwa. Mjumbe wa mfalme alifikia nyumba iliyo ng'ambo ya ziwa, akatuma habari Anketil aende kupokea. Ndugu wawili wakapanda mashua pamoja asubuhi. Walifanana mno, urefu na sura. Mashua ilifika ng'ambo na mtu mmoja.

"Mjumbe akauliza, wewe ni nani? Akajibu, mimi ni Anketil. Ndugu yangu Godfrey ameanguka majini. Na maisha yake yote akaitwa Anketil, akavaa nguo za Anketil, akaoa mchumba wa Anketil."

"Mchumba hakumjua?"

"Alimjua kabla hajavua kofia." Shangazi alitazama mikono yake. "Lakini baba yake alimtaka lodi. Basi akaolewa, akakaa kimya, akamwambia binti yake. Ndiyo hivyo. Cheo ni cha yule aliye majini, Damaris. Na hata jina lake walimpora. Jiwe lake pale kanisani limeandikwa Godfrey. Hakuna aliyewahi kumwita, hakuna aliyewahi kumwombea kwa jina lake. Kila anapozaliwa mtoto wa kwanza, yule mtu anakuja kudai nafasi ya mkubwa. Wadogo anawaacha. Mdogo ni kama yule mwizi, hana nafasi ya mkubwa ya kudaiwa."

"Na Ami Lucian?"

Hapo alilia, kimya kimya, bila kuinua mkono kujifuta.

"Nilikuwa na umri wa kujua. Nilimsindikiza stesheni. Nilisema moyoni, anakwenda nchi kavu, anakwenda kupigana mashambani, maji yatampatia wapi? Nikamfunga skafu shingoni, nikamwambia asisahau kula."

Tulipotoka, ukumbi ulikuwa umepungua watu na Crispin hakuwapo. Niliuliza, mmoja alidhani amekwenda juu, mwingine alidhani amekwenda chooni. Nilikwenda chumba cha kulia. Kiti cha Baba kilikuwa kinatiririsha maji mpaka sakafuni, na kutoka kitini nyayo zilikwenda nje. Zilikuwa za watu wawili, bega kwa bega. Mmoja peku, mwingine amevaa viatu vya mazishi.

Nilikimbia bila koti. Wilf alikuwa nje juu ya ngazi, akikiteremsha kibao cha Baba kutoka juu ya mlango ili akipeleke kanisani.

"Wilf! Ngazi! Lete ngazi!"

Aliegemeza kibao ukutani, akaitupa ngazi begani, akanifuata. Nyuma yetu nilisikia fimbo ya shangazi ikigonga mawe, haraka kuliko nilivyojua anaweza.

Ukungu ulikuwa umenyanyuka kidogo. Ziwa lilikuwa jeupe, na katikati yake Crispin alikuwa akitembea pole pole, mikono imeshuka, kama mtu anayesindikiza mgeni. Mbele yake kidogo alikuwa anatembea mtu. Nimejiuliza maisha yangu yote kama nilimwona au nilitaka kumwona, na jibu ni kwamba nilimwona. Alikuwa mrefu kama Crispin, amevaa kitu kizito cheusi kilichomgandia mwilini kwa maji, na miguu yake ilikuwa mitupu juu ya barafu. Alikuwa ametugeuzia mgongo.

"Crispin!" niliita. "Crispin, rudi!"

Hakugeuka. Wilf aliita pia, na kwa hofu ulimi ukamponyoka: "Lodi! Lodi, simama!" Yule aliyekuwa mbele alisimama. Crispin naye akasimama. Na barafu ikalia, mlio mrefu uliotoka ukingo huu mpaka ule.

"Usimwite huyo hivyo!" Shangazi alikuwa amefika. Kofia ilikuwa imemtoka kichwani na nywele zake nyeupe zilikuwa zimetawanyika. Aliitupa fimbo, akashuka kwenye mawe ya ukingoni, akapiga magoti juu ya barafu yenyewe. Sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti, hata kanisani, kwa sababu ya nyonga yake.

"Anketil Satterby!" aliita. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika. "Anketil Satterby, Lodi Aldersyke! Nakuita wewe. Jina ni lako. Cheo ni chako. Tumekudhulumu, na mimi nimejua nikanyamaza. Ulimchukua Lucian wangu nikanyamaza. Sasa sinyamazi tena. Huyu mtoto hataki kitu chako. Mwachilie!"

Kila kitu kilitulia. Yule mtu akageuka.

Uso wake ulikuwa wa Baba. Si Baba mzee, bali Baba kama alivyokuwa kwenye picha ya harusi, na ulikuwa uso wa Crispin pia, na wa Lucian wa kwenye picha iliyo juu ya piano. Hakuwa na hasira. Alitutazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali sana, ambaye bado hajaamini kwamba anaitwa yeye. Alimwinamia shangazi kichwa, taratibu, kama wanaume wa zamani walivyowainamia mabibi. Kisha barafu ikapasuka chini ya Crispin.

Akazama mpaka kwapani. Mimi na Wilf tulilala kifudifudi tukiisukuma ngazi mbele yetu, na njia nzima nilikuwa naomba asiachie ukingo. Nilijua hawezi kuushika. Vidole vyake vilikuwa vinateleza, niliviona. Lakini hakuzama zaidi. Alikaa pale, kidevu juu ya maji, macho wazi, mpaka Wilf alipomkamata ukosi na tukamvuta juu ya ngazi kama mzigo. Juu ya barafu hapakuwa na mtu mwingine.

Tulimvua nguo mbele ya moto, tukamfunika mablanketi. Wilf alimnywesha wiski kwa kijiko na kujinywesha mwenyewe kwa chupa. Meno ya Crispin yaligongana kwa muda mrefu kabla hajaweza kusema.

"Kuna mtu alinishika," alisema hatimaye.

"Ni Wilf," nilimwambia. "Wilf alikushika ukosi."

"Si juu. Chini. Alinishika nyayo kwa viganja viwili, Damaris. Nilijua ananivuta. Nikajiachia." Akafumba macho. "Alikuwa ananisukuma juu."

Shangazi Ursula alikuwa amekaa na soksi za Crispin zilizolowa mapajani, akizikamua juu ya zulia.

Wiki ile nilichora tena. Kwenye kibao cha Baba nilikiacha kimwezi, nikakipaka rangi nzuri ya fedha ili kionekane kutoka mlangoni mwa kanisa. Baba hangekasirika, alikuwa mtu wa kusema kweli akishajua kweli yenyewe. Kisha nikachora kibao kipya: ngao nyeusi, korongo mweupe, hakuna kimwezi. Kwenye utepe sikuandika "Nimevuka." Niliandika jina lake.

Kasisi Fleming alipokiona alikuna shingo.

"Bi Ursula, mimi sina shida na sala. Lakini hatuna uhakika kama mambo yalikuwa hivyo. Hakuna ushahidi wowote."

"Kijana," alisema shangazi, "umezika watu wangapi ambao hukuwajua?"

"Wengi."

"Basi mzike na huyu."

Tulifanya ibada asubuhi, jeneza hakuna, kwenye ukingo wa ziwa. Kijiji kilikuja chote, safari hii bila kutazama kwa pembe ya jicho. Kasisi alisoma jina la Anketil Satterby na cheo chake, na watu wakaitikia. Wilf alilia kwa sauti kubwa na baadaye akadai ni mafua. Barafu haikulia, maji hayakutikisika. Hakuna kilichotokea hata kidogo, na katika nyumba yetu hilo lilikuwa jambo geni. Tuliporudi nilikwenda kukigusa kiti cha Baba. Kilikuwa kikavu.

Wakati huo sheria mpya ilikuwa imepitishwa, miaka michache tu kabla, inayomruhusu mtu aliyerithi cheo kukikana katika mwaka wa kwanza. Crispin alikwenda London na kutia saini. Afisa mmoja alimuuliza kama amefikiri vizuri, kwa sababu akishasaini hawezi kubadili mawazo.

"Ukimkuta mtu amekaa kwenye kiti chako kwenye treni," Crispin alimjibu, "na ukaona tiketi yake, utafanya nini?"

Afisa hakuelewa, lakini alipokea karatasi.

Shangazi Ursula alifariki mwezi wa Mei, kitandani, bila maumivu makubwa. Siku zake za mwisho alizungumza na Lucian, maneno ya kawaida tu, kuhusu skafu na sandwichi za safarini. Alikuwa akimwambia asiende. Nilikaa naye, nikamwacha aseme, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza akisema hayo. Nyumba iliuzwa. Mimi nilichukua nyumba ndogo ya langoni, na ninaishi humo mpaka leo.

Crispin aliishi hadi uzeeni, mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kuona mvi zake. Nilipomtembelea Leeds tulizungumza mengi, mara chache sana habari ya siku ile. Mara moja aliniambia kwamba bado anavisikia vile viganja, jioni akivua viatu. Nikamuuliza kama vinamtisha.

"Havinitishi," alisema. "Vinanihuzunisha. Vilikuwa na baridi sana, Damaris. Na alikuwa huko miaka yote hiyo."

Miaka ile walipokuwa bado wadogo, kila Jumamosi aliwapeleka mabinti zake kwenye bwawa la manispaa kujifunza kuogelea, na hakukosa hata wakati wa mafua. Nilifuatana nao mara moja. Watoto walikuwa wanapiga kelele na kurushiana maji, na yeye alikaa kwenye benchi ya nyuma kabisa, karibu na ukuta, amevaa koti na viatu, akiwahesabu vichwa. Na miguu alikuwa ameikunja juu ya benchi, isiguse sakafu iliyolowa.